Mita Thelathini Kila Upande

Watu wengi hudhani kukata mti ni kazi ya shoka. Mke wa Sururu naye alidhani hivyo, mpaka asubuhi ile alipokabidhiwa fomu yenye kurasa kumi na moja na kuambiwa kwamba msumeno utasubiri karatasi.

Ofisi ya misitu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofunguka, kabati la chuma, na benchi ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Kwenye benchi hilo alikaa karani wa mnunuzi wa mbao, miguu kaitanua, nafasi ya watu watatu kaijaza mmoja. Hakusogea. Mke wa Sururu alisimama na fomu yake mkononi, akimsikiliza Bibi Miti. Ndivyo kila mtu alivyomwita yule binti wa buti za mpira aliyeletwa na serikali kusimamia miti ya watu.

"Miti ni yetu, mwanangu. Tumeipanda kwa mikono yetu. Sasa ruhusa ya nini tena?"

"Ni yenu, mama, hakuna anayebisha. Ila anayekata zaidi ya miti ishirini lazima awe na mpango wa uvunaji. Nichore ramani. Nipime unene wa kila mti. Nionyeshe mteremko, magogo yataburuzwa njia gani, yatarundikwa wapi, na mkishakata mtapanda nini. Halafu kuna maji. Penye mto, mita thelathini kila upande haziguswi."

"Yote hayo kwa misaji mia mbili na arobaini?"

"Hata ingekuwa hamsini, mama."

Karani akacheka bila kuinua macho kwenye simu yake. "Mama huyu anadhani amekuja kuomba kuni za kupikia."

 Umri ulikuwa umemfundisha mke wa Sururu kwamba si kila mbwa abwekaye hutupiwa jiwe. Akamgeukia Bibi Miti na kumweleza lililomleta: jicho la kushoto la mume wake lilikuwa limekufa mwaka jana, na la kulia lilikuwa njiani. Presha ya jicho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji, mradi wafike kabla ya mwezi wa tisa. Upasuaji ulitaka fedha, na fedha yao ilikuwa imesimama shambani, ina majani.

Bibi Miti alifungua daftari. "Kamati inakaa mara moja kila baada ya miezi mitatu. Kikao kijacho ni wiki tatu kutoka leo. Mkikikosa hicho, ni mwezi wa kumi."

"Basi tusikikose."

"Nitakuja kupima wiki ijayo. Na hapa, ukurasa wa mwisho, anaweka sahihi mwenza wa mmiliki. Ni wewe."

"Mimi?"

"Bila sahihi yako mpango haupokelewi."

Alitoka pale akiwa amesahau hata kumchukia karani. Miaka thelathini na mmoja katika nyumba ya Sururu, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna jambo la shamba lile lisiloweza kwenda bila yeye. Kesho yake, alipomaliza kufagia zahanati ambako alikuwa mfagizi, alichukua jalada la daftari kuukuu na kalamu ya muuguzi, akajifunza kuandika sahihi yake mpaka ikatulia.

* * *

Mume wake aliitwa Sururu tangu ujana. Vijana wa pale walidhani ni kwa sababu ya maneno yake, maana alikuwa akisema neno linachimba. Wazee waliomwita hivyo kwanza walikuwa wameshakufa bila kueleza kitu, na mkewe alimkuta na jina hilo akalichukua kama lilivyo.

Siku ya kupima mto, Sururu alivaa koti la harusi ya mtoto wao na kujikokota shambani kwa fimbo. Bibi Miti alikuwa ameshamaliza siku mbili akizungushia kila msaji utepe usawa wa kifua na kuupaka alama ya rangi nyeupe. Ulibaki mstari mmoja tu wa buluu kwenye ramani ya serikali, uliokata shamba katikati kuanzia juu mpaka chini: mto mdogo, upana wa kurukwa na mtoto, maji yake safi hata wakati wa kiangazi. Maji hayo ndiyo yaliyoshuka hadi kwenye tangi la zahanati na kwenye mabomba ya nyumba mia mbili na zaidi kule bondeni. Watu wa bondeni humsalimu Sururu kwa heshima kwa sababu hiyo. Mzee aliyejaliwa mto upite kwake, husema.

Mkewe alikuwa amemwambia asubuhi kwamba yuko zamu. Lakini muuguzi alimpa ruhusa ya saa mbili, naye akapita njia ya chini kuja kuona kazi ya sahihi yake. Bibi Miti alipomwona alifurahi, maana hakuwa na mtu wa kumshikia utepe. Akajiwekea kidole mdomoni kwa utani, kana kwamba ni siri ya kumfurahisha mzee, akampa ncha ya utepe. Mama akaenda nayo mpaka mpakani, akasimama, akarudi, akaenda mpaka wa pili. Majani makavu ya misaji yalilia chini ya viatu vyake. Sururu, aliyekaa juu ya jiwe kando ya maji, alisikia miguu na kudhani ofisi imeleta msaidizi.

"Mzee," Bibi Miti alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Shamba lenu lina upana wa mita sitini na nne. Mto uko katikati."

"Naam."

"Nikitoa thelathini huku na thelathini kule, inabaki mita moja upande huu na tatu upande ule." Akahesabu alama nyeupe kwa kidole, akahesabu tena, kama mtu anayetumaini kwamba amekosea. "Miti mnayoruhusiwa kukata ni tisa."

"Tisini?"

"Tisa, mzee wangu."

 Midomo ya Sururu ilicheza, akihesabu. Miti tisa haikutosha hata nauli ya kwenda na kurudi hospitali, wacha kisu cha daktari. Alipapasa fimbo yake, akaisimamisha, akailaza tena.

"Ufute huo mto," alisema.

"Mto haufutwi, mzee. Ameuweka Mungu."

"Mungu?" Sururu akacheka, kicheko cha mtu aliyekumbuka kwamba ana karata moja mfukoni. "Huo Mungu hakuuweka. Huo niliuweka mimi. Si mto, binti yangu, ni mfereji. Niliuchimba kwa sururu."

Mke wake alikuwa akirudi kutoka mpakani, akikunja utepe taratibu. Alikuwa hatua tano nyuma ya mgongo wa mumewe. Alisimama.

"Pale juu kwenye kilima kuna chemchemi, penye mwamba mweusi," Sururu aliendelea, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyopata nguvu, maana hakuna aliyewahi kumsifia kazi ile. "Zamani maji yalikuwa yanashukia upande wa pili. Miche yangu huku inakauka, naitazama inakufa. Nikasema haiwezekani. Nikaukata ukingo. Siku za soko, watu wote wameshuka kuuza vitu vyao, mimi napanda na sururu yangu. Siku nane za soko, peke yangu! Ya nane, maji yakageuka yenyewe, yakanifuata nyuma kama ng'ombe."

Bibi Miti alikohoa. Alimtazama mama, akakohoa tena.

"Maji ya kunywa yapo hapo, binti yangu, kunywa," Sururu alisema.

"Mzee, labda tuendelee ofisini..."

"Andika hapa hapa nikiwa nakumbuka. Mwaka niliooa."

"Na kule upande wa pili, hakukuwa na watu?"

"Walikuwepo, wachache. Bustani za mkwe wangu na majirani zake."

"Hawakuuliza?"

"Wangemuuliza nani? Chemchemi hukauka. Tena ilikauka wiki ile ile nilipomchukua binti yao. Wakasema ameondoka na maji." Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Nami nikawaachia hivyo hivyo."

Utepe uliacha kukunjika. Mke wa Sururu alijikuta anautazama mkono wake mwenyewe na hajui ni wa nani. Ameondoka na maji. Neno lile alikuwa amelibeba maisha yake yote ya utu uzima. Baba yake aliuza mbuzi, kisha akauza jembe, kisha akalala na asiamke, mwaka wa tatu wa ukame, na tangu harusi hakuwahi kukanyaga kwa binti yake. Msibani kaka yake alimwondoa kwenye mtungi mbele za watu: huyu msimpe maji achote, ataondoka nayo. Watu walicheka, msibani! Likageuka utani wa ukoo. Hata leo akienda kwao huitwa Bibi Maji, na mtungi husogezwa kando, na kila mtu hucheka. Na Sururu, akiwa mkwe wa heshima kitini, alikuwa akicheka pamoja nao.

Alimaliza kukunja utepe. Aliukunja vizuri, bila pindo, mpaka ncha. Kisha akampa Bibi Miti.

"Msaidizi wako mpole sana," alisema Sururu. "Hana hata neno."

"Ni mimi," mkewe alisema.

Fimbo ilianguka majini. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Bibi Miti alifanya kazi yake, maana hakujua afanye nini kingine. Aliwaeleza wote wawili kwa sauti ya chini. Kama ni mfereji, mita thelathini hazihusiki, na miti yote inaweza kuingia kwenye mpango. Lakini mfereji lazima uandikwe ulikotoka na ulivyochimbwa, na huu haukuwa na kibali. Ofisi ya maji ingeuziba, na maji yangerudi kwenye njia yake ya asili. Watu wa bondeni wangeweza kuomba mgawo wa halali, ombi lingechukua mwaka, pengine zaidi. Kama ni mto, basi ni mto, miti tisa, na kila kitu kinabaki kama kilivyo. "Mtaniambia kabla ya kikao," alisema, akaondoka akiwa amesahau kofia yake.

* * *

Nyumbani kulikuwa na viti viwili na meza moja. Mke alikaa kwenye kiti kimoja, akampigia mumewe cha pili kwa mguu ili asikie kilipo.

"Kaa."

Sururu alikaa.

"Uliwahi kunionea huruma? Hata siku moja?"

"Mama watoto, ilikuwa zamani."

"Zamani yako. Mimi nimetukanwa mpaka mwaka jana."

"Ulikuwa ni utani."

"Utani!" Alipiga meza, vikombe vikaruka. "Baba yangu kafa ananiona mimi ndiye mkosi. Unajua alisema nini mara ya mwisho? Alisema nimwombee mvua huko nilikoyapeleka maji yake. Uliniona ninalia hapa, hapa ulipokaa. Ukaniambia wazee hawana adabu wakiumwa. Ulininunulia na kitenge."

"Nilitaka kusema."

"Lini?"

 Jicho zima la Sururu lilikuwa likitafuta sura ya mkewe na kukosa, maana siku hizo lilikuwa linaona kwa tundu dogo tu la katikati.

"Nilisema nitasema miche ikishika," alianza polepole. "Miche ikashika. Watu wakahamia bondeni kwa sababu ya maji. Wakajenga tangi. Wakajenga zahanati. Ukapata kazi. Kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi kuliko mwaka uliopita. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, mimi ndiye. Lakini sikukusudia wakulaumu wewe. Walianza wenyewe."

"Na wewe ukaona nafuu."

"Nikaona nafuu," Sururu alikubali, na neno hilo lilimuuma mkewe kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Jirani akapita kuomba moto na kuondoka. Kisha Sururu akasema amefikiri. Bibi Miti aandike mto. Miti tisa inatosha. Jicho moja lilikuwa limeshazoea giza, na la pili lingejifunza. Nyumba mia mbili haziwezi kukaushwa kwa sababu ya jicho la mtu mmoja.

 "Usijifanye unatoa sadaka," alisema mkewe. "Unaogopa watu wa bondeni wasije wakakujua. Bora upofuke, kuliko waache kukuamkia."

* * *

Keshokutwa yake alipanda kilima kwenda kwao, mwendo wa saa moja na nusu. Alipofika kwenye mwamba mweusi alitoka njiani. Alipapasa ukingo chini ya kuvu na majani, akauona mkato. Maji yalikuwa yamelainisha nyayo zote za mumewe, lakini jiwe halikusahau. Kulikuwa na alama za ncha ya sururu, moja baada ya nyingine, zimepangwa kwa subira. Alitia kidole kwenye mojawapo. Kiliingia mpaka pingili ya pili.

Mama yake alikuwa uani, mgongo umepinda, akimimina maji kutoka dumu la lita tano. Hilo ndilo alilokuwa akiliweza sasa. Kisima kilikuwa mbali, na wajukuu walikuwa wakimwekea foleni tangu alfajiri. Kaka yake alitoka ndani, akamwona dada yake, na papo hapo akasogeza mtungi kwa mguu, kwa mazoea tu, akitabasamu.

"Karibu, Bibi Maji. Leo umetuletea au umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuwaambia yalipo," alisema.

Aliwaambia. Alisema kwa maneno machache, amesimama, na hakumpunguzia mumewe wala kumwongezea. Kaka yake alikaa chini pale pale udongoni, mtu mzima mwenye mvi.  Mguu wake bado ulikuwa umegusa mtungi. Aliuondoa taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu cha mwenyewe.

Mama mtu hakulia wala hakulaani. Aliweka dumu chini, akalifunga kifuniko, akakikosa, akakifunga tena.

"Neno lile nililianzisha mimi," alisema.

"Neno gani, mama?"

"Ulipoondoka. Nilikwenda bustanini asubuhi, nikakuta mfereji wetu una tope. Baba yako akaniuliza, maji yako wapi? Nilikuwa nimekukumbuka, nyumba imekuwa kimya. Nikasema, binti yako ameondoka nayo." Akalipapasa dumu. "Nilikuwa nacheka, mwanangu. Lilikuwa neno la mapenzi. Yeye hakucheka. Akalishika. Nikaona aibu kulirudisha. Kisha akafa nalo."

Mke wa Sururu aliyetoka kwake akiwa na mkosaji mmoja, sasa alikuwa na wawili, na wa pili hakuwa na jino hata moja mdomoni. Alitaka kukasirika, akashindwa.  Akachukua dumu tupu na kwenda kisimani, na hakuna aliyemzuia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchota maji kwao tangu aolewe.

* * *

Siku moja kabla ya kikao walikwenda ofisini wote wawili, Sururu akiwa ameshika upande wa kanga ya mkewe kwa nyuma, maana fimbo yake ilikuwa imekwenda na maji. Karani wa mnunuzi alikuwepo tena benchini. Mke wa Sururu alimwambia, "Sogea, mgonjwa akae," naye akasogea.

Bibi Miti alifungua ukurasa wa tisa. "Kipengele cha maji," alisema. "Niandike nini?"

"Mto," alisema Sururu.

"Mfereji," alisema mkewe.

Kalamu ilibaki hewani.

"Mama, unajua kitakachofuata?"

"Ninafanya kazi zahanati, mwanangu. Ndoo za wodi nazijaza mimi. Najua kuliko wewe."

"Ni kwa ajili ya jicho la mzee?"

"Jicho lake litafaidika, na lifaidike. Lakini sisemi kwa ajili ya jicho." Alivuta pumzi. "Kule kwetu kuna kizee cha miaka themanini kinabeba dumu. Hayo ni maji yake. Na mimi nina jina langu. Andika: mfereji, umechimbwa kwa mkono. Andika nani aliuchimba. Andika na mwaka, siku nane za soko. Nataka iwe kwenye karatasi ya serikali, yenye mhuri."

"Unaniua," Sururu alinong'ona.

"Sikuui. Nakuandikisha."

Karani alikuwa ameacha simu yake. Bibi Miti aliandika pole pole, akayasoma kwa sauti aliyoyaandika, kama sheria inavyotaka kwa mtu asiyeona vizuri. Sururu alisikia kazi yake ya ujana ikisomwa mistari minne. Kidole chake gumba kilishikwa, kikapakwa wino, kikagandamizwa. Kisha fomu ikageuzwa upande wa mkewe. Ile sahihi aliyojifunza ilimtoka ikiwa imepinda kidogo mwishoni, lakini ilisomeka.

* * *

Kamati ilipitisha. Miti mia moja ilikatwa kwa awamu ya kwanza, ikaburuzwa kwa njia iliyochorwa na kurundikwa mahali palipochorwa. Sururu alifika hospitali wiki moja kabla ya mwezi wa tisa. Siku hiyo hiyo alipokuwa amelazwa, watu wanne wa ofisi ya maji walipanda kilimani na saruji, mawe na nakala ya fomu. Kazi aliyoifanya mtu mmoja kwa siku nane, wao waliifuta kwa saa tatu.

Maji ya bondeni hayakukatika mara moja. Yalikonda siku ya kwanza, siku ya pili yakawa uzi, siku ya tatu bomba la zahanati likakohoa na kunyamaza. Ombi la mgawo lilikuwa limeshapelekwa, Bibi Miti aliliandika mwenyewe, lakini ombi halinyweki. Foleni ya ndoo ilianza kwenye tangi kwa mazoea tu, ingawa tangi lilikuwa na mwangwi. Mke wa Sururu alikuwa akifagia uwanja, kichwa chini. Kila mtu alikuwa amesikia kuna sahihi yake kwenye karatasi, na hakuna aliyeuliza karatasi yenyewe ilisema nini.

"Ndiye huyo," alisema mwanamke mmoja, mtoto mgongoni.

"Hata kwao nasikia walimjua hivyo tangu zamani," alijibu mwingine, naye hakujisumbua kushusha sauti. "Huyu akihama mahali, anaondoka na maji."

Ufagio ulisimama.  Alikuwa amelitoa neno lile upande mmoja wa kilima kwa gharama ya kila kitu, na sasa lilikuwa limemtangulia upande wa pili na kumsubiri. Tena safari hii hakuwa na la kukana. Mkono ulioandika ulikuwa wake.

Ndipo Sururu alipoingia getini. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile, jicho la kulia limefungwa kifuniko cheupe chenye matundu, begi begani, mkono mmoja mbele yake kama anayesukuma mlango. Alikuwa amepita kwa ajili ya dawa ya matone. Alisimama. Masikio yake yalikuwa mazima, na neno lile alilijua kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa ameliacha lipite mara nyingi mno.

Foleni ilimwona, wengine wakaanza kumwamkia kwa mazoea. Akainua mkono kuwanyamazisha.

"Si yeye," alisema. Sauti ilikwama, akaanza upya, kwa nguvu mpaka muuguzi akachungulia dirishani. "Si yeye. Hakuondoka na maji, wala hapa wala kwao. Niliyaiba mimi. Niliyaiba kwa baba yake, kwa sururu, nikawaletea ninyi, nikanyamaza, akabebeshwa yeye. Hayo mliyokuwa mkinishukuru kwayo yalikuwa ya wizi. Mkitaka wa kumtukana, mimi niko hapa."

Hakuna aliyetukana. Walikuwa wameduwaa, ndoo zimewaning'inia mikononi, na mtoto mmoja tu ndiye aliyelia. Yule mwenye maneno aliangalia ardhi. Sururu alibaki amesimama katikati ya uwanja, akigeuza kichwa huku na huku, akimtafuta mkewe kwa jicho lililofungwa.

Mkewe alimwacha amtafute. Alimwacha muda wa kutosha. Kisha akaegemeza ufagio ukutani, akaokota ndoo mbili kubwa za wodi, akaenda mpaka alipo na kumtia vishikio mkononi, kimoja, halafu cha pili.

"Haya," alisema. "Wagonjwa hawajanywa. Njia ya kilimani unaijua."